Pakiti Moja ya Zipu

Ghalani, meza ya kukatia namba tatu
6 Februari

Dada yangu,

Shikamoo.

Usishtuke kukuta karatasi ndani ya kitambaa. Ni mimi, Bobini. Leo asubuhi oda zilishuka kama kawaida, karatasi juu ya karatasi, nami nakata tu bila kusoma majina, maana humu ukianza kusoma majina humalizi. Nikafika kwenye yako. Mita ishirini na moja, rangi damu ya mzee. Bitana nyeusi. Pakiti moja ya zipu nyeusi. Jina la mteja: Fundi. Anwani: nyumba yetu. Nikaweka mkasi chini. Msimamizi akauliza kama nimejikata. Nikamwambia sijajikata, nimechoka tu, na hapo sikumdanganya.

Wewe, Dada, unanunua vitambaa mtandaoni! Wewe uliyesema kununua kitambaa kwa kukitazama kwenye simu ni sawa na kununua mbuzi kwa kusikia mlio wake. Nimecheka peke yangu, kisha nikataka kulia, nikaona foleni ya karatasi, nikaendelea kukata.

Sasa ujue kazi yenyewe niliyokimbilia. Nasimama saa tisa kwa siku kwenye meza ndefu ya bati. Majora yamepangwa hadi dari. Taa zote ni nyeupe, hakuna dirisha, ukitoka nje jua linakuchoma macho kama mtu aliyetoka kuangalia sinema. Navuta, napima, nakata, nakunja. Hakuna anayeniuliza kitambaa ni cha nini. Kiganja cha kulia usingizini hujikunja chenyewe kama kimeshika mkasi. Ulisema nikitoka mlango wa nyumba yetu niusahau. Miaka mitatu nimejaribu kuusahau, Dada, na bado najua ubao gani unalia ukikanyagwa.

Nilikukosea. Kusema mbele ya wateja kwamba kazi ya cherehani imekufa, na wewe umekaa kwenye cherehani, halikuwa neno la kumwambia mtu aliyenilea.

Nijibu mambo matatu tu. Magoti yako yanaendeleaje? Cherehani ya Mama bado inakula uzi? Na la tatu: nikirudi, utanipokea? Jibu hata kwa neno moja.

Kifurushi nimekifunga kwa utepe wa pindo, kwa lile fundo ulilonifundisha.

Mdogo wako,
Bobini


15 Februari

Kwa yule anayefunga vifurushi kwa pindo

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Nilijua ni wewe kabla sijafungua, kwa lile fundo. Watu wa siku hizi wanabandika gundi ya plastiki mpaka unakata kifurushi kama unachinja. Nililishika fundo nikakaa nalo kidogo kwenye kiti.

Kitambaa ni kizuri. Kizito, kinaanguka chenyewe, hakikunjamani. Umekikata kimenyooka. Nimepitisha kidole ukingoni kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna palipopinda. Kumbe mkono haukupotea.

Kazi yenyewe ni majoho ya kwaya. Mwalimu wa kwaya alikuja mwenyewe, akakaa pale kwenye benchi la wateja ambalo siku hizi linakaliwa na vumbi. Watu wananunua nguo zilizokwisha kushonwa, wanabonyeza simu, zinawafikia zikiwa ndefu, ndipo wanakumbuka kuna fundi. Mwaka mzima nimekuwa mtu wa kupunguza suruali. Kwa hiyo haya majoho kwangu si majoho tu. Tamasha ni tarehe 27 Aprili, na mwalimu anasema wakuu wa shule mbili watakuwepo, wanatafuta fundi wa sare. Yakipendeza nitakuwa na kazi mpaka nizeeke. Yakiharibika nifunge mlango, nikae nihesabu nyufa za ukuta.

Walikuwa waimbaji saba, sasa wamekuwa kumi na wawili. Waliokimbia mazoezi wamesikia habari ya majoho, wamerudi mbio na sauti zao. Nimeagiza mita kumi na tano nyingine, rangi ile ile. Anayenibonyezea ni Fundi Viatu, yule jirani aliyehamia barazani kwetu baada ya wewe kuondoka. Mimi nasema, yeye anabonyeza. Ana vidole vya kushika nyundo, mara ya kwanza alitaka kuninunulia vifungo elfu.

Ndiye aliyeniambia kurudisha kitu ni bure, gari lenu linakifuata mpaka mlangoni. Kwa hiyo nimerudisha zipu ili barua ipate usafiri. Mahali pa sababu ameandika "hazifai". Wala hazina kosa, maskini.

Mengine yote uliyosema nimeyapokea.

Dada yako


Meza namba tatu
22 Februari

Dada yangu,

Shikamoo.

Mama wa Marejesho, anayepokea vitu vinavyorudishwa, alizunguka na barua yako meza kwa meza akiuliza, "Nani hapa anafunga kwa pindo?" Watu wakacheka. Ningekuwa mwizi ningekamatwa siku hiyo. Mbona hukuandika namba ya meza? Niliiweka juu kabisa ya karatasi.

Sasa nisikilize kwa makini kabla ya mengine. Hizi mita kumi na tano hazikutoka kwenye jora lile la kwanza. Lile limekwisha, nimebaki na kipande cha kiganja. Namba ya bidhaa ni ile ile na jina la rangi ni lile lile, lakini lebo ya kiwandani inaonyesha majora haya mawili hayakutiwa rangi siku moja. Unajua mambo hayo kuliko mimi, kila pipa la rangi na tabia yake. Nimeviweka bega kwa bega hapa mezani, naona hiki cha pili kama kinaelekea kahawia. Taa za humu zinadanganya, siwezi kuapa. Sheria inasema nisikate, nimwandikie mteja, nisubiri jibu. Nimekata. Nimejiambia: huyu si mteja, huyu ni Dada, hajawahi kupitwa na rangi tangu nimjue. Kwa hiyo kabla hujatia mkasi, toa vyote viwili mlangoni asubuhi uvitazame. Visipolingana, rudisha hiki, nami nitakukatia upya vya majoho yote kumi na mawili kutoka jora moja. Jora hilo la pili nimelificha chini ya meza yangu. Naweza kulishikilia wiki mbili.

Hayo yameisha. Sasa maswali yangu. "Nimeyapokea" ni jibu gani? Barua ya serikali huandikwa hivyo. Nilikuuliza kama utanipokea mimi, si maneno yangu.

Tena nimeona kwenye oda yako taa ya mezani, ya mwanga mkali. Na sindano za tundu pana, pakiti tatu. Na kile kidude cha kupitishia uzi. Umefungua darasa la wanafunzi? Halafu mwandiko wako umekuwa mkubwa kama wa bango, na mistari inateremka. Ulikuwa ukinipiga rula nikiandika hivyo. Uko salama? Niambie kweli.

Zipu zimo. Naona umeziagiza tena.

Bobini


8 Machi

Mdogo wangu,

Nimeipata ya pili. Asante kwa kunikumbuka. Nimeiweka pamoja na mwenzake.

Kitambaa kimefika na nimeshakata chote. Nilikata siku tatu mfululizo, mgongo ukakataa kunyooka, nikawa natembea kama natafuta sindano chini. Majoho manane yamesimama, manne yamebaki mikono na kola. Hiki cha pili nimekiona kigumu kidogo mkononi kuliko kile, kinasugua, nikafikiri ni kukaa ghalani. Kitalainika wakikivaa.

Mwalimu wa kwaya anapita kila Ijumaa kutazama. Anasimama mlangoni, anakohoa, anasema, "Fundi, tutawahi?" Namwambia aende akafundishe kuimba, mimi aniachie kushona. Anaondoka. Ukweli nimechoka, Bobini. Zamani joho moja lilikuwa kazi ya siku moja na umbea ndani yake. Sasa ni siku mbili na nusu, na simsemi mtu. Nashona, nafumua, nashona tena palepale. Ningesema ni uzee, lakini mama yetu alishona mpaka wiki ile aliyofariki.

Mvua imeanza, paa linavuja pale pa siku zote. Nimeweka ndoo.

Wewe kula vizuri. Usisimame sana, vaa viatu vya kufunga, Fundi Viatu anasema ndala kwenye sakafu ya saruji zinaua mgongo. Zipu ninazirudisha tena. Dereva wa gari lenu ameshaanza kuniuliza ni ugonjwa gani huu.

Dada yako


Meza namba tatu
14 Machi

Dada,

Shikamoo.

Kwa hiyo umekata. Sikupata neno hata moja kuhusu rangi. Niliandika karibu ukurasa mzima, nikakuonya kama mtu anayemwonya mtoto kando ya moto, na wewe unanijibu habari za ndoo. Kama ulivitazama ukaridhika, sawa, wewe ndiye fundi. Ungesema tu, "Bobini, nimetazama." Maneno mawili.

Na lile swali langu nimeliuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilifikiri umelisahau. Mara ya pili nimeelewa. Kunyamaza nako ni kujibu. "Asante kwa kunikumbuka" huambiwa mtu aliyeleta sukari msibani. Ungenitukana ningefurahi zaidi, maana ukinitukana najua tumo ndani ya chumba kimoja.

Sitauliza tena. Mimi nimechoka, Dada, na sina mahali pa kuuweka uchovu wenyewe. Humu ndani wameleta mashine ya kukata. Inakata meza mbili kwa mara moja, haiendi chooni. Sisi wa mkono tumeambiwa tutakata mahameli na vile vinavyoteleza tu, mpaka mashine itakapojifunza. Nilikuambia kazi yako imekufa, na leo naitazama yangu ikizikwa nikiwa nimeshika mkasi. Cheka, una haki.

Hii ni oda yako ya chaki nyeupe na uzi mweupe. Uzi mweupe wa nini kwenye damu ya mzee, siulizi.

Zipu zako hizo.

Bobini


FOMU YA KURUDISHA BIDHAA
Bidhaa: Zipu nyeusi, pakiti moja
Sababu ya kurudisha: tazama nyuma ya fomu na karatasi zilizobanwa
25 Machi

Kwa mkataji wa meza namba tatu,

Salamu nyingi. Mimi ni Fundi Viatu wa barazani. Hatujaonana, lakini nakujua kwa sifa na kwa lawama, maana dada yako akikaa anakusema, na akisimama anakusema. Ningekuita shemeji, ila akisikia atanitoa barazani na nyundo yangu.

Nakuandikia bila ruhusa yake. Nisamehe kama nitakosea, mimi kalamu naitumia kuchora nyayo.

Jumamosi kwaya ilikuja kujaribu majoho. Yalikuwa yamekamilika yote kumi na mawili, yamepigwa pasi, yamening'inia kwenye kamba. Humo ndani ya nyumba yalikuwa mazuri, nilisema mwenyewe. Wakayavaa, wakatoka uani kujipanga, jua limekaa wazi. Nikaacha nyundo hewani. Saba walikuwa rangi moja, watano rangi nyingine. Si kidogo, ndugu yangu. Saba walikuwa kama divai, watano kama matofali.

Waimbaji wakaanza kutazamana mikono ya majoho. Watu wanamheshimu dada yako. Mwalimu wa kwaya akawa anakohoa tu. Kisha mama mmoja wa sauti ya pili akaangua kicheko, akasema, "Sisi tumechelewa kuja mpaka rangi imetuchelewa." Dada yako akauliza, "Kuna nini?" Mwalimu akamwambia taratibu. Akasema, "Ni kivuli hicho. Sogeeni juani." Walikuwa juani tayari.

Hapo ndipo tulipojua, wote kwa pamoja.

Akawaendea mmoja mmoja, akawa anawashika mikono ya majoho na kuisugua kwa kidole gumba. Alipofika kwa wa nane, akasimama. Akasema, "Hiki ndicho kilichokuwa kigumu." Akaingia ndani, akafunga mlango. Walivua, wakayakunja, wakaniachia mimi.

Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa pili huu. Anaona mwanga na anaona umbo la mtu, basi. Alikuwa akishona kwa vidole na kwa mazoea. Mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta na sikujua. Mimi ndiye niliyembonyezea zile sindano za tundu pana, ile taa, ule uzi mweupe, na sikujumlisha moja na moja. Nilimwona anaandika, nikasema anayeandika anaona. Kumbe anaweka rula ya mbao chini ya mstari na kuifuata kwa kidole cha kushoto, anashusha, anaandika tena. Kuandika anaweza. Kusoma ndiko hawezi.

Sasa hili ndilo limenifanya nikuandikie. Barua zako tatu zimo kwenye kopo la kuwekea bobini za cherehani. Zimekunjwakunjwa mpaka zimelainika kama kitambaa, kwa jinsi anavyozitoa na kuzishika. Hajasoma hata moja. Nilimuuliza mbona hakunipa nimsomee. Akasema, "Aliondoka hapa tumetukanana. Kama amenitukana humo, sitaki wewe uwe ndiye unayenisomea matusi ya mdogo wangu. Na kama amelia, ndiyo kabisa." Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akaniambia nikashone viatu.

Nilisema basi nizisome sasa. Akakataa. Anasema barua ni mali ya aliyeandika, mpaka mwenyewe useme ndiyo. Kwa hiyo nakuuliza: niseme nimeruhusiwa?

Mwalimu wa kwaya amempa mpaka tarehe 20 Aprili, kisha atatafuta pengine. Hospitali wamesema wanaweza kumtoa huyo mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia tarehe 16 Aprili, ila lazima aje na mtu wake wa kukaa naye. Amewaambia hana mtu.

Fundi Viatu


Meza namba tatu
29 Machi

Fundi Viatu, kaka yangu,

Nimesoma yako nikiwa nimesimama katikati ya majora na Mama wa Marejesho amenishika bega.

Ndiyo. Msomee. Anza ya kwanza, usiruke mstari, hata pale nilipomkosea adabu. Ile ya mwisho ni mbaya. Isome vilevile, nitajibu mwenyewe mbele yake. Kila swali ukilifikia, simama, mpe nafasi ya kujibu. Nimeyasubiri majibu hayo miezi miwili, na kabla ya hapo miaka mitatu.

Kosa la majoho ni langu. Nililiona, tena nikaliandika, lakini nilikata kabla ya jibu. Nililiachia jicho lake liamue. Naye sasa naelewa: alikiona kigumu mkononi, akakinyamazia kwa sababu mkataji ni mimi. Kila mmoja wetu amemwegemea mwenzake, tukaanguka wote wawili. Mgeni yeyote angekuwa ameshalalamika.

Jora la pili bado ninalo. Wiki mbili ziliisha zamani, nililisukuma nyuma ya majora ya mapazia na kila msimamizi akipita nasimama kulikinga. Limebaki mita ishirini na tatu. Majoho saba yanataka ishirini na moja. Yakishonwa upya hayo saba, wote kumi na wawili watakuwa rangi ya matofali, na aliyecheka hatakuwa na la kusema.

Kitambaa naweza kukituma kesho kwa gari. Au naweza kukileta mwenyewe. Mwulize ni lipi. Mimi sitamjibia.

Nimeweka zipu. Hakuna aliyeziagiza, lakini kifurushi bila zipu naona kimepungukiwa.

Bobini


4 Aprili
(Anayeandika ni Fundi Viatu, anayesema ni yeye.)

Mdogo wangu,

Marahaba tatu, moja kwa kila barua.

Fundi Viatu amesoma kuanzia asubuhi. Anasoma kama mtu anayepiga misumari, neno moja, kimya, neno jingine. (Hapa nimelalamika, amesema niandike hivyo hivyo.) Ile ya kwanza ameirudia mara mbili kwa sababu nilimwambia. Pale pa ubao unaolia nilimwambia aende nje akatafute hewa, nikakaa peke yangu, kisha nikamwita.

Nilikuwa na uhakika umenitukana. Miezi miwili nashika karatasi zile nikidhani nimeshika matusi, na kila siku nikayatoa kuyashika tena. Ona ujinga wa mtu mzima. Sikukuambia habari ya macho kwa sababu ungerudi kwa huruma, na mimi nilitaka, kama ni kurudi, urudi kwa hasira zako zote, kama ulivyoondoka.

Sasa najibu kwa mpango, kama ulivyouliza.

Magoti yanauma, la kushoto zaidi. Cherehani ya Mama bado inakula uzi, na siku hizi inatema sindano vilevile. Sikuandika namba ya meza kwa sababu sikuiona. Sina wanafunzi, zile sindano ni zangu. Mistari inateremka kwa sababu rula inateleza. Uzi mweupe ni wa kupigia bandi, kushikiza kabla ya kushona, mweusi siuoni kabisa kwenye rangi nzito ile. Niko salama? Siko salama. Hiyo ndiyo kweli uliyoitaka.

Kuhusu rangi: sikutazama. Ulinipa onyo ukurasa mzima na mimi nikalikunja nikaliweka kwenye kopo. Kosa usilibebe peke yako, ni zito kwa mtu mmoja. Kile kitambaa kiliniambia chenyewe mkononi, nami nikakinyamazisha. Nilisema, aliyekata ni Bobini, hawezi kuniletea kilicho tofauti. Na kwa kweli nilikuwa nimechoka kuogopa, nikataka kuamini kitu.

Kuhusu mashine yenu ya kukata, sijacheka. Fundi Viatu ni shahidi. (Ni kweli, hakucheka.) Mwalimu wa kwaya alikuja jana, nimemwambia mbele ya watu kwamba sioni, mapema kuliko kuambiwa na mwingine. Nilidhani atachukua kazi yake. Alikaa kwenye benchi bila kulipangusa, akakohoa, akasema tarehe ishirini ni ishirini, nani atashona? Nikamwambia nitampa jibu.

Limebaki swali lako moja, umeliuliza mara mbili na mara ya tatu ukasema huulizi tena. Fundi Viatu anataka kuliandika yeye, kalamu ameshaiinua. Nimemwambia ashuke barazani. Mlango ule nilikufungia kwa mdomo wangu, sitaufungua kwa mkono wa mtu mwingine. Ameniwekea rula.

BOBINI. USITUME KITAMBAA. KILETE.
NJOO KABLA YA TAREHE 16, HOSPITALI WANATAKA MTU WANGU.
NJOO NA MKASI WAKO. ZIPU SIRUDISHI TENA.

DADA